Herufi Tatu za Kile Kibao

Tereza, mama Beatrisi,

Ni mi, bwana yako Petro. Hapana mutu mwingine anashika biki hii ya kuandikia. Beatrisi alitaka kuniandikia, nikakatala: barua ya bibi yangu nitaandika mi mwenyewe, hata herufi zitembee kama kuku mwenye kuvunjika muguu. Tena unajua hakuna muzee mu Musonoi muzima mwenye kunishinda kuandika. Ungekuwa hapa ungesema: "Babo bazee ulibashinda bako wapi? Si bote balikufa?"

Tangu ulienda, bukari ya hapa si ugali tena, ni uji. Beatrisi anapika, mi nakula tu. Kiti yako batoto banakalia bila kuuliza. Bamama benzako ba kuokota mawe habapiti tena mbele ya mulango yetu, banazunguka na njia ya kanisa. Najua juu ya nini.

Lakini sikukamata biki juu ya bukari.

Siku ya tatu ya kilio, batu ba kampuni balikuja na karatasi. Balisema: kibao ya kuonya ilikuwa pale mama alikufia, imeandikwa, mama aliiona na akapita. Beatrisi akalia, akasema: "Mama alikuwa kichwa nguvu, hasikii mutu." Batoto bote bakaitika. Na mi, Tereza. Na mi nilitikisa kichwa kuitika.

Weye, kichwa nguvu! Weye uliuliza! Bamama bote balisimama mbele ya kile kibao na bitunga bya kubebea mawe mu kichwa, mi nilikuwa nimekusindikiza, na weye peke yako ukanigeukia: "Tata Petro, Muzungu wa Chingola, banasema nini hapa?"

Herufi tatu, nyekundu. Nilivimbisha kifua. Nikasema: "Ni Kiingereza. Pit. Maana yake shimo. Si ile shimo ya zamani? Hakuna kitu mule. Pita." Bamama bakabaki kwanza, bakangoja kuona. Weye ukacheka: "Kumbe bwana yangu iko na faida!" Ukashuka kuokota mawe ya shaba, ya rangi ya majani, kule chini. Mi nikarudia, natembea kama gavana. Sikufika hata ku barabara, nikasikia mawe inaanguka kule chini.

Bamama balinisikia. Banafunika haya yangu kwa kunyamaza. Kunyamaza kwabo kunanichapa kuliko fimbo.

Ni Ilunga alinifungua macho, ule alikuwaka shofere wa kamyo ku kampuni. Alikaa karibu yangu ku kilio, akasema polepole: "Muzee, pale ni kwa tip. T, I, P. Maana yake kumwaga. Kamyo zinamwaga mawe toka kule juu." Nikamuambia anyamaze, Kiingereza alisomea wapi, yeye? Nilimufukuza ku kilio yako, Tereza. Mutu mwenye alituletea unga.

Kesho yake nilirudi ku kibao. Herufi ni zile zile tatu. Mi nilizikamata na mukia.

Sasa sikia kitu sikukuambiaka. Ku Chingola, kule kwa Kiingereza, sikukuwaka karani sawa nilikuwa nasema. Nilikuwa nakata majani kwa nyumba ya Muzungu mumoja. Bibi yake alinifundisha herufi ku mulango ya jikoni, akaanza na P, juu ya jina yangu. Tangu siku ile, nikiona neno, natafuta kwanza P yangu. Nikiipata, naanzia pale. Ku "pot", chungu, P iko mbele, tunaenda muzuri. Ku "top", kule juu kabisa, P iko nyuma, na mi nasoma toka nyuma: chungu. Miaka yote nilisoma hivi. Nani angenikosoa? Weye ulikuwa unaniamini.

Paroko alinipa kamusi. Nasoma neno fupi fupi, kila asubuhi, mbele ya mulango. Kiingereza ni luga ya bwizi: unageuza herufi tu, na kitu inakuwa ingine. "Net" ni wavu, geuza: "ten", kumi. "Now" ni sasa, geuza: "won", alishinda. "Was", ilikuwa. Geuza: "saw", musumeno, ao aliona. Hata "no", hapana yenyewe, ukiigeuza inakuwa "on", inawaka. Nayajua yote leo, nashinda hata balimu ba Musonoi muzima. Inanifaa nini?

Na nani alibatuma batu ba kampuni kuandika luga hii huku, kwa batu banasema Kiswahili, Kilunda na Kiluba, na benye masomo Kifaransa? Bangeandika MAWE INAANGUKA, hata mi ningesoma. Sitabasamehea. Lakini hasira yangu ikienda kwabo, inarudia na kukaa hapa ku mulango yangu, inaniangalia.

Kitu ya mwisho njo inaniua. Siku ya kuandika jina yako ku musalaba, nilikatala fundi. Nikachovya burashi, nikaanza: T. Mukono ikasimama. T ya Tereza. Njo herufi ya kwanza ya kile kibao. Ya kwako ilikuwa mbele, ya kwangu ilikuwa nyuma. Kama ningeanza na ya kwako, mara moja tu, tungerudia nyumbani sisi babili, unanicheka njia muzima.

Jumapili batoto bote batakuja. Nitabakalisha. Nitasema: mama yenu hakukuwa kichwa nguvu, mama aliuliza, ni mi nilimujibu. Pengine Beatrisi ataacha kunipikia. Aache. Kisha nitaenda kwa Ilunga, nitamuomba musamaha mbele ya bibi yake, na unajua mi kuomba musamaha ni kung'oa jino. Na ile rangi ya musalaba ilibaki. Nina ubao. Nitaandika MAWE INAANGUKA, HAPANA KUPITA, nitaisimamisha pale pale pembeni ya ile yabo. Bakiing'oa, nitairudisha. Bakiing'oa tena, nitairudisha tena. Kichwa nguvu ni mi.

Lala, mama. Majina yetu nayaweka hapa chini namna inafaa kusomwa, toka mwanzo:

Tereza,
na nyuma yake Petro.