Kitufe cha Kuruka

Dada yangu mpenzi,

Natumai barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji, na kwamba lile goti lako limeacha ukaidi. Sisi huku ni wazima, na leo nikisema wazima nina maana yangu, kwa hiyo kaa chini usome taratibu.

Unakumbuka daktari alivyotuambia juu ya Chiriku wangu: sukari inapanda, na isiposhuka ataanza vidonge, mtoto wa darasa la tatu. Unakumbuka nilivyolia kwenye simu. Basi zahanati ikatuingiza kwenye mpango wao wa mtandaoni. Jioni nikishafunga saluni tunapiga picha sahani zetu, na muuguzi anajibu kama mboga zinatosha. Siku niliyoficha viazi vya kukaanga chini ya mchicha, aliniuliza mchicha huo mbona unang'aa mafuta.

Halafu mazoezi. Mwanamke mwembamba anatokea kwenye simu, na chini yake kuna kitufe kimeandikwa RUKA. Chiriku akakibonyeza, akaruka. Nami na kiuno changu hiki unachokijua, nikaruka. Yule mwanamke akapotea, akaja mwingine na kitufe kilekile, tukaruka tena. Jirani wa chini akapanda kuuliza tunatwanga nini. Chiriku akamwambia ni amri ya simu. Siku ya pili jirani akaja na kanga yake kiunoni, eti heri aruke kuliko kurukiwa kichwani.

Wiki jana muuguzi akapiga, sauti kavu. Akasema hatujafanya zoezi hata moja, mpango unaonyesha yote tumeyaruka. Nikamwambia ndiyo, tumeyaruka yote, mpaka miguu inauma. Tukabishana hivyo kama viziwi wawili, hadi akanieleza polepole kwamba kitufe kile ni cha mtu asiyetaka kufanya zoezi. Dada yangu! Niliona vidonge vinakuja kwa ujinga wangu.

Jana tukaenda kupima. Daktari akatazama majibu, akapima tena. Sukari imeshuka, Dada. Vidonge hakuna. Niliangua kilio palepale bila aibu. Aliposikia habari ya kitufe, Chiriku akiwa ameshatoka nje, alicheka mpaka akavua miwani, akaahidi wataandika neno jingine.

Sasa nikuungamie jambo. Tangu muuguzi aniambie, sijamweleza Chiriku. Nilimwacha aendelee kubonyeza na kuruka, maana sijawahi kumwona akiufurahia mwili wake vile, yeye wanayemwita pipa shuleni. Nawe usimwambie, tafadhali.

Jioni hii tumefungua simu, kitufe kimebadilishwa kweli. Kimeandikwa PITA. Chiriku amekitazama, amekibonyeza, kisha amevaa viatu na kufungua mlango. Jirani naye katoka. Nawasikia wananiita kutoka barabarani, wanasema nikichelewa watapita bila mimi.

Basi naacha kalamu nikimbie. Msalimie shemeji na wanao. Ukija kututembelea, usisahau raba.

Mdogo wako akupendaye,
Mama Chiriku