Hewa ya Mtungi

Jumatatu, 11 Aprili 1983
Mvua tena. Madaftari ya darasa la tano yameniumiza macho. Sukari hakuna Karatu nzima, chai tumeinywa hivyo hivyo. Mume wangu Tluway amerudi kutoka shamba la kahawa, wanapopulizia dawa ya magugu. Ncha ya bomba iliziba, akainyonya kwa mdomo kama wafanyavyo wenzake wote, na safari hii funda zima likapita kooni. Ananisimulia huku anacheka! Nimemnywesha maziwa, nusu kibuyu. Kwetu hiyo ndiyo dawa ya kila sumu. Ametapika, amelala.

Jumatano, 13 Aprili
Vidonda mdomoni. Nimemwambia twende hospitali. "Mwalimu, usinifanye mtoto." Haya, shauri yake. Nimeenda zangu kufundisha.

Ijumaa, 15 Aprili
Leo amekula ugali, amekwenda kazini. Kikohozi kidogo tu. Nimejisifu kwa mama mkwe kwamba maziwa yangu yamefanya kazi.

Jumatatu, 18 Aprili
Hapumui vizuri. Kutoka kitandani mpaka mlangoni alisimama kupumzika. Tumeomba lifti kwenye lori la ngano mpaka hospitali. Daktari aliuliza dawa gani, nikamtajia. Akasema angenyweshwa udongo uliokorogwa na maji saa ile ile, huenda ungeishika sumu tumboni kabla haijaingia kwenye damu.

Udongo! Mimi mjamzito, vipande vyake vimejaa kopo jikoni, navitafuna kutwa. Nilivipita nikikimbilia maziwa. Na Jumatano nikamsusia badala ya kumburuta. Najichukia.

Jumanne, 19 Aprili
Midomo yake imekuwa kama wino. Mzee wa Kimaasai aliyeletwa kutoka Ngorongoro, kitanda cha jirani, anapewa hewa ya mtungi. Sisi hapana. Nimemfokea daktari mbele ya wagonjwa, nimemwita muuaji. Hakukasirika. Alivuta kiti.

"Mama, sumu imekaa kwenye mapafu. Inatumia hewa hiyo hiyo kuyaunguza. Nikimwongezea hewa, naiongezea kuni. Tuyalinde yaliyobaki, labda yatapona."

Kichwani nimeelewa. Moyoni bado. Mtu anahema hivi na mtungi upo!

Alhamisi, 21 Aprili
Shule nimeomba ruhusa. Shangazi yake amekuja kutoka Mbulu, amelia, akataka kumsihi muuguzi afungue mtungi. Nikamzuia. Mimi! Nimesimama katikati ya kitanda na mlango kama askari, namweleza habari za kuni na moto. Ameniita mwanamke mwenye moyo wa jiwe. Tluway alisikia yote. Alinitazama tu, hakuwa na pumzi ya kusema. Jicho lile sitalisahau. Laiti angenitukana.

Ijumaa, 22 Aprili
Anapumua kwa kuinua mabega. Nimeomba Mungu mpaka maneno yameisha.

Jumamosi, 23 Aprili
Ukungu umeshuka mpaka dirishani. Asubuhi daktari alikuja mwenyewe na muuguzi, wakausogeza mtungi mpaka kitandani kwetu. Wamemfunika pua na mdomo kwa kile kifuniko cha mpira, wakaufungua. Hawakunieleza kitu. Sikuuliza; nilijua hakuna kilichobaki cha kulinda. Shangazi alimshukuru daktari kwa mikono miwili, naye akatazama chini.

Rangi imemrudia kidogo midomoni. Amenishika mkono.

"Afadhali, mwalimu."

Nimemwambia ndiyo, afadhali.