Barua Niliyomsomea Mama Kama Mgeni

Jumapili, alasiri. Jua la Itetemia leo ni kali na hakuna hata upepo wa kutikisa pazia. Watu wa nyumbani wako uani. Mimi nimejifungia chumbani, sina uso wa kutoka.

Nimemuumiza mama yangu kwa barua ya shukrani.

Wiki tatu zilizopita mwalimu wetu wa ushauri nasaha alitupa zoezi: kila siku tuandike mambo matatu mazuri yaliyotupata. Mimi ambaye darasani naogopa hata kunyoosha mkono, nililipenda. Niliandika chai kwa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa. Niliandika kitabu cha maktaba ambacho hakijachanwa kurasa. Nikaanza kulala vizuri, na ile hofu ya asubuhi ikapungua. Siwezi kudanganya, zoezi lilinisaidia.

Zoezi la mwisho lilikuwa kumwandikia barua mtu ambaye hujawahi kumshukuru ipasavyo, umsomee mwenyewe, kisha umpe mwalimu nakala.

Mama aliyenizaa alifariki Nzega nikiwa na miaka minne. Dada yake mkubwa akaja kunichukua, na tangu siku hiyo namwita Mama, basi. Lakini mwalimu angeisoma, nami nilitaka kila kitu kiwe sahihi. Nikaandika: "Mpendwa Mama Mkubwa, asante kwa kunipokea nyumbani kwako."

Jana mchana nilimsomea akimenya karanga uani. Kaka Shija, mwanawe, alikuwa pembeni.

"Hiyo barua ya kuomba kazi, au?" akacheka.

Mama hakucheka. Mikono yake ilisimama.

"Mama Mkubwa ndiyo nani humu ndani?"

"Ni... ni wewe, Mama."

"Haya. Endelea."

Nikaendelea.

Hilo ndilo linalonichoma. Ningeweza kuikunja ile karatasi palepale. Lakini nilikuwa nimezipenda sentensi zangu, nikazisoma zote, za kunilisha, za kunisomesha, mpaka "sitausahau ukarimu wako". Kumbe hayo ndiyo maneno ya mtu anayeaga.

"Nimeshukuru," alisema nilipomaliza. "Ila mgeni akishukuru hivyo, ujue keshafunga mizigo."

Akarudi kwenye karanga zake.

Mwalimu alitaka pia tueleze tulivyojisikia. Nilikuwa nimeshajaza hata kabla ya kumsomea: "Najisikia mwepesi sana." Ilikuwa kweli. Sikuwaza yeye angejisikiaje.

Leo asubuhi nimemwamkia, "Shikamoo, Mama." Amejibu, "Marahaba." Kila siku huwa "marahaba, mama yangu". Nimekimbilia vyombo, akanitangulia. Nimeshika ndoo, akasema, "Acha, Shija atachota. Wewe kaa, usome." Na chai ameniletea kwenye kikombe cha wageni, chenye kisahani.

Sijawahi kunywa chai chungu kama ile, na ilikuwa na sukari.

Nimefikiria kumwandikia barua nyingine, ya kuomba radhi. Hapana. Safari hii sitashika karatasi. Kesho kabla ya kuvaa sare nitamfuata jikoni nimwambie, "Mama, nilikosea." Yatakayofuata siyajui. Sauti yangu huwa inakauka mapema.

Labda atanikatiza hapohapo: "Unasimama mlangoni kama nguzo, maji yatajileta yenyewe?"

Natamani anigombeze hivyo. Natamani sana anitume.