Utumbo Mweupe

Nyumba ya Wageni,
Mugumu.
6 Oktoba, 1983

Kwako Dada Mwanamvua,

Shikamoo dada, na assalaam alaykum. Natumaini barua hii itakukuta mzima wewe na watoto, na kwamba mguu wa Baba umepoa. Mimi mwili hauna neno. Roho ndiyo inayosokota. Tangu juzi nyama sijaigusa, na hata chai ya maziwa nainusa kwanza. Nakuomba uisome barua hii ukiwa peke yako, mbali na jiko, na kama umetoka kula sasa hivi, subiri chakula kishuke.

Unakumbuka nilivyoondoka Tarime nikiwaringia kwamba nimeitwa na wilaya. Kumbe nimeitwa kutengeneza mashine ya kuoshea vyombo! Waliiacha wazungu wa mradi wa maji walipofunga virago. Ni kabati la chuma: unapanga sahani ndani, unafunga mlango, halafu mikono miwili inazunguka na kurusha maji ya moto juu na chini. Nilicheka sana. Nchi nzima tunatafuta kipande cha sabuni kama dhahabu, na hapa Mugumu kuna chuma kinachooga.

Aliyenipokea ni meneja, Bwana Selestine, mtu wa tumbo na kaunda suti, mwenye kucheka kabla hujamaliza kusema. Alinieleza kwamba sahani zinatoka zimechafuka kuliko zilivyoingia, maji yanatuama chini, na harufu imeshawakimbiza wageni. Akasema mashine imehujumiwa. Mhujumu ni Kezia, mama anayeosha vyombo, ambaye aliogopa kunyang'anywa kazi na mashine akaimwagia majivu. Kezia alikuwa amefungiwa kwenye ofisi ya tawi la chama akingoja kupelekwa polisi. Kazi yangu ilikuwa kuifungua mashine mbele ya wajumbe wa tawi na kutamka kwamba ni majivu. Aliniambia hivyo kabla sijafungua hata mfuko wangu wa spana, na hilo lilinichukiza. Mgonjwa hajaguswa, dawa imeshaandikwa! Nawe unajua mwaka huu ulivyo: mtu akishabandikwa jina la mhujumu, hata jirani yake hamsalimii.

Wajumbe walikuja na mwenyekiti wao, Mzee Nyangwine, na Kezia akaletwa. Ni mama wa makamo, mikono imempasuka kama udongo wa kiangazi. Alisema ni kweli anasugulia sufuria majivu, maana sabuni hakuna, lakini anasugulia nje kisimani. Mashine hajawahi hata kuigusa, kwa kuwa ufunguo wa chumba cha mashine anakaa nao meneja. Bwana Selestine akacheka.

Nilizima umeme, nikafungua mlango. Dada, ulitoka uvundo ulionirudisha nyuma mpaka nikamkanyaga mjumbe. Chini palituama maji mazito ya kijani, na juu yake utando wa mafuta yaliyoganda. Niliyachota kwa kikombe huku nimegeuza uso. Kisha nikatoa chujio, maana kwenye mashine ya namna hii ndilo la kutazamwa kwanza. Likiziba, maji hayashuki, na uchafu ule ule unarudi kurushwa juu ya sahani. Chujio lilikuwa limevaa ute unaonata kama kamasi. Nilipoukwangua kwa kijiko nikakuta majani. Si mchicha wala kabichi, bali nyasi zilizotafunwa, zile zinazomwagika tumbo la ng'ombe linapopasuliwa.

Nikaendelea, kwa kuwa fundi hakimbii. Ile mikono ya kurushia maji ina matundu madogo. Nikayazibua kwa spoki ya baiskeli, na kila tundu likatema donge la shahamu. Chini kabisa, kwenye pampu, panga lake la kusukumia maji lilikataa kuzunguka. Nikaingiza vidole, nikashika kitu chenye utelezi, nikavuta. Kilitoka kipande kirefu cha utumbo, kimejiviringisha kama uzi kwenye cherehani, na bado kina vinyweleo. Nilitapika kwenye karo la jikoni mbele ya wajumbe wote, na wala sikuona haya.

Niliponawa uso nikasema kweli yangu. Majivu yangekaa chini kama tope la kijivu, na humu hamna kijivu hata chembe. Nikamwambia Mzee Nyangwine kwamba sahani hazili nyasi. Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Alikichukua kile kipande, akakigeuza, akakinusa bila kukunja uso, akasema maisha yake yote amechinja ng'ombe na huu si utumbo wa ng'ombe. Ni wa nyumbu wa hifadhini.

Wakaudai ufunguo wa stoo. Nyuma ya magunia wakakuta nyaya za mitego zilizoviringishwa, na debe lenye kifuniko. Ndani ya debe mlikuwa na utumbo mweupe pee, umekunjwa vizuri kama vitambaa vya kanisani. Hapo kicheko cha meneja kikakauka. Akakiri kwamba mashine ile inaosha utumbo kuliko mwanamke yeyote: unaupanga mahali pa sahani, unauzungusha kwa maji ya moto, unatoka umetakata. Jioni sahani za wageni zinaingia humo humo. Na wanyama wenyewe, alipobanwa, akasema huwa wanakutwa wameshakufa kwenye waya, wengine wameshaanza kuvimba.

Lakini yule mtu ana uso wa mbao, dada. Alipoona maji yamemfika shingoni akasema biashara si yake. Debe ni la Kezia, na yeye alimwazima tu mashine kwa huruma. Kezia akapiga ukunga akaketi chini. Nikawaona wajumbe wanaanza kumtazama tena kama mwanzo. Mzee Nyangwine akaliinua lile debe, akauliza kama kuna mtu anayelijua.

Mimi nalijua. Pindo lake limekunjwa mara mbili kama Baba alivyonifundisha, mshikio umezungushiwa mpira mwekundu wa baiskeli, na chini ya bawaba risasi ya kulehemu ilinimwagikia ikaacha alama. Nilikutengenezea mwezi wa Rajabu. Uliniambia ni la maziwa.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, nami nguo nilikuwa nimeivaa. Watu wa Tarime wanasifu supu yako, wanasema hakuna mgahawa wenye utumbo mweupe kama wa Bi Mwanamvua. Nilipokuuliza unauosha na nini ulisema ni siri ya jiko. Mimi nilidhani ni limau na magadi! Na mwezi uliopita, Idi ya kuchinja, ulitupakulia sisi wote, na Baba na mguu wake mbovu, tukala kisichochinjwa tukasema alhamdulillahi. Nikaomba niongezewe. Nikiukumbuka ule mchuzi ulivyoniteleza kooni, nakwenda kusukutua mdomo tena. Nakuchukia kwa hilo, dada, na nakupenda, na sijui niviweke wapi vitu hivi viwili.

Kwa hiyo ujue. Nilisema. Nilimtazama Kezia na ile mikono yake, nikamwambia Mzee Nyangwine kwamba debe nimelifua mimi, na mwenyewe ni dada yangu wa tumbo moja, mwenye mgahawa Tarime karibu na stendi. Kezia amerudi kwake. Bwana Selestine amelala ofisi ya tawi. Wajumbe na polisi watakuja huko kwa gari la wilaya likipata mafuta, na barua hii nimempa Ramadhan, dereva wa lori la pamba, ili ikutangulie. Sikuiandika ili umwage sufuria na kusugua sakafu. Nimeiandika ili uende kituoni kwa miguu yako kabla hawajaja, useme mwenyewe, kama mtoto wa baba yetu Abdurahmani.

Mashine imepona. Nimeichemsha mara tatu, na inazunguka vizuri, lakini mimi sahani yangu naosha kisimani, na Kezia amenigawia majivu.

Mpe Baba shikamoo yangu, na umwambie nitakuja kumweleza mwenyewe. Wabusu watoto. Na wateja wako wote wanaonipenda wasalimie sana, lakini nakuomba kwa jina la marehemu mama, usiwapakulie.

Ndimi mdogo wako,
Maftah