Nimemkuta Amefungwa Macho na Mwalimu wa Kwaya

Mpendwa Mama Rodah, naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, kwa sababu Jumamosi kuna mkutano wa akina mama wa kanisa na nimeapa nitasimama niseme yote mbele ya huyo mwanamke.

Mimi ni Mgusii, nimeolewa hapa Boito miaka kumi na saba, na mume wangu, Baba Chelimo, ni muonja chai kiwandani, alianzia kwa mashine za kukata majani, akasimama kando yao miaka kumi na minne mpaka wakampandisha wakampa kijiko cha kuonja, ni mtu mpole, hanywi, hanipigi, na hiyo ndiyo inanifanya nishuku zaidi. Mwaka jana mhadhiri mmoja wa Chuo Kikuu cha Kabianga alikuwa anahama akamwachia amplifaya ya zamani, ile yenye taa mbili za kioo zinazowaka nyekundu kama makaa, na tangu hapo Jumapili tukitoka kanisani anakaa nayo sebuleni na hedfoni kichwani, anasikiliza violini na piano za wazungu, hakuna neno hata moja ndani yake, na mimi nimekaa hapo kama mgeni.

Sasa Mama, hizo hedfoni haziishi. Za kwanza nyeusi alizirudisha, za pili za kahawia akazirudisha, eti zote upande wa kushoto ni dhaifu, sasa duka limempa nyingine mbili ajaribu. Maduka mawili tofauti, na zote ziharibike upande ule ule? Hapo ndipo nilianza kufungua macho. Kisha nikapata kidaftari chake, amechora mistari kama karatasi ya kiwandani ya kupima chai, ameandika kulia tisa, kushoto nne, kulia tisa, kushoto tatu, na hakuna jina la kitu. Nikimwongelesha kitandani hajibu, amebadilisha upande, siku hizi analalia sikio la kulia, na tukitembea kwenda sokoni ananizungusha mpaka niwe mkono wake wa kulia, sijui ni nani hataki anione kule kushoto.

Jumapili iliyopita nilienda kuona mgonjwa nikarudi mapema. Nikiwa mlangoni nikasikia violini, nikachungulia dirishani, Mama Rodah, nikamwona mume wangu amefungwa macho kwa kitambaa changu cha jikoni, na Madam Phyllis anayefundisha kwaya yetu anamvisha hedfoni kichwani kwa mikono miwili. Nikaingia.

"Mnafanya nini?"

"Tunaonja," Baba Chelimo akasema, na hata kitambaa hajatoa.

"Mnaonja nini?"

"Mama Chelimo, karibu, tumemaliza tu," Madam akasema. "Nilimletea zangu ajaribu, bila kujua ni zipi zangu na zipi za duka."

Mtu mzima na familia yake! Ni kweli alikuwa ameniomba mimi kwanza, wiki mbili kabla, alikuja na hicho kitambaa mkononi, eti nimfunge macho nimvishe moja baada ya nyingine, lakini nilimwambia huo ni muziki wa matanga na mimi niko na ng'ombe wa kukamua. Madam alipoondoka aliacha hizo zake, mume wangu akazigeuza, ya kushoto akaiweka kulia, akasikiliza kidogo, akavua, akakaa anaangalia majani chai huko nje mpaka kikombe nilichompelekea kikapoa. Hiyo si kumkumbuka huyo mwanamke? Dada yangu Mongina wa Sotik ameniambia kwa simu, "Wewe unangoja nini? Mwanaume akinyamaza kwake, maneno amepeleka kwingine." Akanishauri nitoe taa moja ya hiyo amplifaya tuone kama atakufa. Nilitoa, iko ndani ya kopo la unga wa wimbi. Ni siku ya nne sasa, anaona haipo na hajauliza, na hiyo ndiyo inaniogopesha. Nirudi kwetu? Ama nimwaibishe huyo Madam?

Mwenye Mashaka, Boito

Mama Rodah anajibu:

Mama Chelimo, kwanza toa taa ya watu kwenye unga.

Pole kwa usingizi uliokosa. Mimi pia ni mtu wa kushuku, na kwa hiyo kazi nimeshika wengi. Barua yako niliisoma mara tatu nikimtafuta mwanamke. Sikumpata. Nilipata kitu kingine, na wewe mwenyewe ndiye umekiandika.

Tuanze na Madam. Unasema ulisikia violini ukiwa mlangoni. Nilimuuliza Seth, fundi wa redio hapa Kericho, akaniambia kuna hedfoni zinazofunika sikio kabisa, na kuna zile zilizo wazi mgongoni, ambazo sauti yake inavuja hadi nje. Za Madam ni hizo za pili. Mwanaume mwenye siri hachagui kitu cha kutangazia nyumba nzima anachosikiliza! Na kufungwa macho ni mambo ya kazi yake. Muonja chai hataki kujua kikombe kimetoka wapi kabla hajaonja, ili jina lisimdanganye ulimi. Alitaka sikio nalo lisidanganywe. Miaka kumi na saba na hujui mume wako anafanyaje kazi? Ona aibu kidogo.

Sasa shuku mahali pa kushuku. Hedfoni zikiwa mbovu kushoto mara ya kwanza, mara ya pili, na hata za Madam, basi ubovu hauko kwa hedfoni. Alipozigeuza, ule upande mzuri ulikuja kushoto, na nadhani bado kushoto hakusikia vizuri. Ndiyo maana alikaa akiangalia majani chai. Kitandani akilalia sikio la kulia, linalobaki juu ni la kushoto, utaongea mpaka asubuhi. Na barabarani anakuzungusha uwe kulia ili akusikie. Huyo mtu amekuwa akihangaika asikukose, na wewe unamhesabia makosa. Mimi si daktari, lakini miaka kumi na minne kando ya zile mashine si mchezo. Nadhani mume wako anapoteza sikio, na anaogopa kulisema.

Hajauliza taa iko wapi kwa sababu ameanza kukata tamaa. Hilo ndilo la kukuogopesha, si Madam.

Mongina mpende, ni dada yako, lakini asikuendeshee nyumba kwa simu kutoka Sotik. Kwenu usiende. Leo amplifaya ikiwa imezimwa na imepoa, panguza hiyo taa, mpe mkononi, umwambie ni wewe uliyeitoa na umwombe msamaha. Jumamosi nenda mkutanoni, msalimie Madam vizuri, kisha ufunge mdomo. Jumatatu mpeleke hospitali apimwe masikio yote mawili, na uende naye, maana wanaume hupotelea njiani. Kuhusu hedfoni, Seth anasema amplifaya nyingi za taa hupatana na zile zenye ohm nyingi, yaani zinazokaza umeme zaidi, mia mbili au mia tatu, si hizi za simu za thelathini. Kwa violini achukue zilizo wazi mgongoni, na sauti aiweke chini hata kama sikio linalia liongezewe. Lakini asinunue yoyote kabla ya kumwona daktari.

Labda utauliza kwa nini hakukuambia. Nashuku alijaribu, siku ile alipokuja kwako na kitambaa mkononi. Ulikuwa na ng'ombe wa kukamua.

Jumapili hii ng'ombe angoje. Mfunge macho mume wako, umvishe hedfoni, kisha ukae upande wake wa kulia.