Fainali Uliyopaswa Kudaka Wewe

Kaka yangu Hamisi,

Mara ngapi nimekuandikia kwenye simu nikafuta, sijui. Leo naandika mahali ambapo hata wenzetu wa timu watasoma. Wao ndio walioambiwa kwamba uliwatupa, na mimi nilikuwepo pale waliposema hivyo, nikanyamaza.

Bado nakaa Hillbrow, mtaa uleule wa huku kusini, chumba kilekile cha ghorofa ya tisa. Lifti ni mbovu kama ulivyoiacha. Mwenye nyumba ameniletea watu wawili wa kushiriki nao kodi, nyakati tofauti, na wote nimewakataa. Nilimwambia kuna mtu anarudi. Sasa haniulizi tena.

Nilipofika hapa kutoka Morogoro sikuwa na mtu. Wewe ulikuwa mwaka wa pili, golikipa namba moja wa chuo, Mtanga wa maneno machache. Ulinikuta getini nikimuuliza mlinzi njia kwa Kiingereza cha kuokoteza, ukanijibu kwa Kiswahili kabla yeye hajafungua mdomo. Wiki haikuisha nikawa nimehamia kwako, ukanipa kitanda cha dirishani. Asubuhi tulikuwa tunatembea mpaka chuoni Braamfontein, mimi na mpira mkononi, na kila taa nyekundu ikitusimamisha ulikuwa unarudi nyuma hatua tatu, unanitaka nikurushie. Wauza matunda walikuzoea. Mama mmoja wa Kizulu alikuwa anakuhesabia mipira uliyodaka mpaka roboti, kama wanavyoziita taa za barabarani huku, igeuke kijani.

Ulipojua kwamba nami nadaka, ungeweza kuniona mpinzani. Badala yake ulinifundisha. Jioni mazoezi yakiisha wengine wanakwenda kuoga, sisi tunabaki golini. Ulinipigia penalti mpaka vidole vikafa ganzi. "Usimwangalie machoni," uliniambia. "Macho yanadanganya. Tazama mguu aliosimamia." Nilipougua homa ulikosa mazoezi siku mbili ukinipikia uji, na Kocha alipokukaripia hukunitaja.

Nilikupenda, Hamisi. Na miaka ile miwili niliyokaa benchi nilikuwa naomba uumie. Si sana. Kifundo cha mguu tu, wiki mbili hivi, nami nipate mechi tatu. Ulikuwa unatoka uwanjani umelowa jasho, unakuja moja kwa moja kwangu kuuliza umekosea wapi, nami nakujibu huku najionea aibu.

Kisha corona ikaingia. Siku chache kabla mipaka haijafungwa ulikwenda Tanga kumwona baba yako, aliyekuwa mgonjwa. Ulibeba begi dogo kwa sababu ulikuwa unarudi baada ya wiki mbili. Baba alifariki, mipaka ikafungwa, masomo yakahamia mtandaoni, na ligi ya vyuo ikaahirishwa, ikaahirishwa tena, ikapita zaidi ya mwaka. Simu yako iliharibika na namba mpya ulinitumia mimi peke yangu. Ulisema utawatumia wengine ukitulia.

Ndipo Kocha akaniita siku ya Jumatatu. Ligi inarudi, alisema. Kila mchezaji afike chuoni kabla ya Alhamisi ya wiki inayofuata, awe na cheti cha kupimwa, asaini fomu kwa mkono wake. Asiyesaini hayumo kwenye orodha, na ambaye hayumo kwenye orodha hana ufadhili. Alikuwa amekupigia namba ya zamani bila kukupata. Akasema, "Mwambie Hamisi leo."

Sikukuambia siku ile. Nilijiambia nitakutumia ujumbe jioni. Jioni nikasema asubuhi. Jumanne Kocha aliniweka golini na kikosi cha kwanza, na kwa mara ya kwanza mabeki walilitaja jina langu wakati wa kona. Jumatano hivyohivyo. Alhamisi Kocha aliuliza kama nimekupata, nikasema nimekupata. Ijumaa mchana ndipo nilipokutumia, na niliuandika ujumbe ule kana kwamba habari nimezisikia saa ileile.

Wewe ulikimbia. Jumamosi ulipima, majibu yakachukua siku mbili, ukapanda basi. Alhamisi ulikuwa bado Tunduma, mpakani, kwenye foleni ya malori na watu. Ulinitumia maneno machache kwamba orodha imefungwa na unageuza. Siku nne zile zingekufikisha, nilizihesabu.

Wenzetu walisema Hamisi ametutupa, amepata mambo mengine huko kwao. Sipho, nahodha wetu, alitikisa kichwa akasema, "Eish, hata kuaga?" Nilikuwa navaa viatu. Niliendelea kuvaa viatu.

Fainali ilichezwa mchana wa jua kali bila mtazamaji hata mmoja. Hujawahi kusikia uwanja wa namna ile. Kila neno lilisikika, hata pumzi za mtu anayekimbia. Wachezaji wa akiba walikaa wameachiana nafasi, wamevaa barakoa, na kwenye kiti kilichokuwa changu alikaa kipa mgeni ambaye sikuwa nimemfundisha lolote. Tulitoka sare ya bao moja kwa moja, tukaenda kwenye penalti. Kwenye penalti yao ya mwisho nilitazama mguu aliosimamia mpigaji, nikaruka kushoto, mpira ukanigonga viganjani. Wenzangu walikuja mbio wakanirukia. Nilipoinuka niliangalia jukwaani, na mbele yangu vilikuwa viti vitupu mpaka juu.

Jioni ile ulinipigia kwa video. Ulikuwa umekaa uani kwenu na mama yako alinipungia mkono nyuma yako. Ulinipongeza kwa penalti zote, moja moja, maana mtu alikuwa ameirusha mechi kwenye simu na uliiona. Kisha mama akaingia ndani, nawe ukaniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kocha alikuambia lini?"

Nikasema, "Siku ileile niliyokutumia."

"Sawa," ulisema. Tukaongea kidogo kuhusu mvua za Tanga, ukakata. Tangu hapo unaona ujumbe wangu na hujibu, na mimi nimekuwa najifariji kwamba una shughuli.

Nilimaliza chuo. Nimeajiriwa kwenye ofisi ya wapima ardhi hapohapo Braamfontein, na kila siku napita njia yetu. Wenzetu hucheza Jumapili kujifurahisha, huniita, sijaenda. Watoto wa jirani yangu Mkongomani wananisalimia kwa Kizulu. Zinapita siku nyingi sijaongea Kiswahili na mtu yeyote, na nikijisikia nikisema peke yangu jikoni, nakuwa nakusemesha wewe.

Mwezi uliopita Kocha alistaafu tukakusanyika kumuaga. Nilimvuta pembeni nikamwambia yote. Nilitegemea akasirike. Alivua miwani akaifuta, kisha akaniambia kwamba ulimpigia kutoka Tunduma, siku ileile ya foleni, ukamuuliza alinipa habari lini, naye akakujibu. Alitaka kuniondoa kikosini papo hapo.

"Aliniomba nisikuguse mpaka fainali ipite," Kocha alisema. "Alisema hamna kipa mwingine wa kutegemewa, na ukijua kwamba anajua, mikono itakutetemeka."

Kwa hiyo uliponiuliza, jibu ulikuwa nalo. Ulinifungulia mlango nipite, nami nikaufunga kwa mkono wangu.

Sipho, na ninyi wengine mnaosoma: Hamisi hakututupa. Alipanda basi siku alipopata majibu ya kipimo. Mimi ndiye niliyemchelewesha, kwa makusudi, kwa sababu nilitaka kudaka.

Nimesikia kwamba unafundisha watoto mpira shuleni, na kwamba mama hajambo. Nimeomba likizo. Nitakuja Tanga kwa basi, kwa barabara ileile, na nitafika kwenu Ijumaa ya mwisho ya mwezi ujao, baada ya sala ya adhuhuri. Nitabisha hodi mara tatu. Ukiona hutaki kuniona, usijisumbue kutoka. Mwache tu mama aniambie hupo, nami nitamwamkia, nitamwachia salamu zako, na nitageuza nirudi.

Ni mimi, mdogo wako wa kitanda cha dirishani.