Nyumba Yenye Mtu Ndani

9 Februari

Mama yangu,

Shikamoo. Mimi ni mzima, mgongo tu unanisumbua kwa kuinama chini ya masinki ya watu. Kifua chako vipi? Bado kinapiga filimbi ukilala chali?

Kaa kitako kwanza. Nimenunua nyumba ya pwani. Iko huku huku ughaibuni, ila si hapa mjini ninapofanyia ufundi bomba, ni safari ya basi ya nusu siku, ufukweni kabisa. Ina vyumba viwili, jiko na kibaraza kinachotazama maji. Si daktari alisema vumbi la kiwanda cha magodoro limekujaa mapafuni, unahitaji hewa safi? Basi hewa ndiyo hiyo. Kila mwaka miezi ya joto utakuja, utakaa kibarazani miguu juu, mimi nitapika. Ndiyo, mimi. Usicheke.

Nakutumia picha. Kuna jambo dogo tu la kusubiri, nitakueleza.

Mwanao,
Bwana Kesho

27 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Nimeamka, nimekula, nashukuru. Kifua kinapiga filimbi mpaka jirani anauliza nani kanunua redio.

Nimecheka, halafu nikalia kidogo, halafu nikamwonyesha jirani picha zako mpaka akasingizia ana nguo za kuanua. Lakini pale kibarazani nimeona bibi mmoja amekaa, kavaa kofia ya sufu. Ni nani huyo? Ndiye jambo dogo? Mimi nilikubandika jina la Bwana Kesho ulipokuwa hata kamba za viatu unaahirisha kufunga, kwa hiyo ukiniambia kuna jambo la kusubiri, roho yangu haitulii. Tangu tumzike baba yako hujakanyaga hapa, kila mwaka unasema mwaka ujao. Niambie yote.

Mama yako

18 Machi

Mama,

Shikamoo tena, na pole na kifua.

Huyo ndiye mwenye nyumba. Hana mtoto. Huku kuna namna ya kununua nyumba ya mzee kama yeye: unalipa kidogo mwanzoni, halafu kila mwezi unampa kiasi mlichokubaliana, naye anaendelea kukaa kwake. Siku akifunga macho, nyumba inakuwa yako. Kwa mfuko wangu nisingepata pwani kwa njia nyingine.

Mimi namwita Bibi Kofia. Haivui hata mezani. Siku ya kwanza aliniambia, "Najua unangoja nife. Futa viatu kwanza." Nimempenda. Nikienda namzibulia sinki, namnunulia mkate, tunacheza karata na ananiibia waziwazi. Ni mzee sana, Mama. Haitachukua muda.

Mwanao,
Bwana Kesho

2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Nipo, nashukuru.

Barua yako nimeisoma, nikaiweka, nikaichukua tena. Kwa hiyo umenunua nyumba yenye mtu ndani. Mnakaa mnacheza karata, yeye anajua unangoja nini, na wewe unajua kwamba anajua. Sipendi. Sikutukani, najua umefanya kwa ajili ya kifua changu, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Usiniandikie tena "akifunga macho". Na mimi nina macho.

Namfumia sweta. Mwambie inatoka kwa mama wa yule fundi, na kwamba sina haraka. Aishi mpaka achoke mwenyewe.

Mama yako

11 Oktoba

Mama yangu,

Shikamoo. Nisamehe kimya, kazi imenibana kuliko kola ya shati la harusi.

Sweta ilifika. Bibi Kofia aliivaa palepale, juu ya nyingine. Anasema mikono ni mirefu, kwa hiyo mama yangu lazima ni mtu mkarimu. Anakusalimu. Ananiuliza kila mara, mama yako ana miaka mingapi, anatembea, nani anamshika mkono kwenye ngazi? Nikamwambia ni jirani. Akagawa karata.

Baridi imeanza. Hita inayopasha nyumba joto kwa maji ya moto inakoroma, pampu yake imechoka. Nimeshanunua nyingine, iko hapa mezani kwangu kwenye boksi. Ni kazi ya kunywa chai na kuondoka. Nitaifunga Jumamosi.

Mwanao,
Bwana Kesho

5 Novemba

Mwanangu,

Marahaba. Siku hizi nalala nimekaa, mito mitatu mgongoni. Nikilala chini pumzi inakataa. Usijali sana, jali kidogo.

Nimefurahi salamu za mwenzangu. Mwambie anayenishika mkono kwenye ngazi ni ukuta, jirani naye ana magoti. Umeifunga pampu?

Mama yako

29 Novemba

Mama,

Shikamoo. Pole na usingizi wa kukaa. Vumilia, pwani haiko mbali.

Pampu bado. Huu ndio msimu wa kazi, maji yanaganda kwa baridi na mabomba ya mji mzima yanapasuka. Bibi Kofia kapiga simu kwamba hita imezima kabisa, nikamwambia avae ile sweta, ajifunike, Jumamosi ijayo niko kwake. Alicheka. Alisema, "Wewe na Jumamosi zako."

Mwanao,
Bwana Kesho

20 Januari

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini mito mitatu haijawa minne.

Bibi Kofia alitutoka wiki ya pili ya Desemba. Alikuwa amelala kwenye kiti chake, hakuteseka. Mleta mkate ndiye aliyemkuta. Tumemzika vizuri, mimi na majirani wachache.

Funguo ninazo. Nimefungua madirisha yote, nimepaka rangi chumba chako, kitanda nimekielekeza baharini. Tiketi iko ndani ya bahasha hii, ya mwezi wa sita joto likianza. Yamekwisha, Mama. Njoo upumue.

Mwanao,
Bwana Kesho

8 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Nipo.

Nimemlilia mtu nisiyemjua. Jirani alifikiri nimefiwa na ndugu, nikamwambia ndiyo.

Nina swali moja, nalo ni rahisi. Ile pampu uliifunga?

Mama yako

2 Aprili

Mama,

Shikamoo. Nimeanza barua hii mara nyingi na kuichana.

Pampu bado iko kwenye boksi.

Nilikuandikia kwamba nilizidiwa na kazi. Jumamosi ya kwanza ni kweli. Ya pili ni kweli nusu. Jumamosi ile ya mwisho alinipigia asubuhi, sauti yake ikitetemeka, nikasema niko njiani. Nilikuwa kitandani kwangu, Mama. Begi la vifaa lilikuwa mlangoni. Nilikaa nikitazama lile boksi mpaka basi la mwisho likaondoka. Sikuwaza lolote baya. Nilikuwaza wewe, na kibaraza, na ile mito yako. Sijui kama nilichoka au nilikuwa nangoja. Najiuliza kila siku na sipati jibu.

Alipokutwa alikuwa na sweta yako, kofia yake, na viatu miguuni. Alikuwa tayari kunifungulia mlango.

Tafadhali njoo. Siwezi kukaa humu peke yangu.

Mwanao

21 Aprili

Mwanangu,

Marahaba.

Nimesoma. Sikuchana. Asante kwa kuniambia, najua hukumwambia mwingine.

Tiketi nakurudishia. Siwezi kulala chumba kile. Nikikohoa nitasikia naye anakohoa, na nikipumua vizuri itakuwa ni pumzi yake. Kifua changu kitabaki na vumbi la kiwanda, tumeshazoeana.

Sikukatai. Wewe ni wangu, na hili ulilolifanya nimelibeba nawe tangu niliposoma mstari wa boksi. Lakini kuna kitu nilikuwa sikijui. Miaka yote hii nilidhani umenisahau, nikakutetea kwa jirani kwamba huko kuna kazi nyingi. Kumbe hukusahau. Uko hivyo tu. Unampenda mtu, unaweka begi mlangoni, halafu unakaa kitandani.

Ukija, njoo tu, usiniandikie lini. Mlango siufungi kwa komeo siku hizi, kuinuka ni kazi. Na ukikuta nimevaa viatu kitini, usishangae.

Wazee wawili tulikuwa tunakungoja. Mwenzangu amemaliza. Mimi bado.

Mama yako